Kiti cha Kompyuta Namba Tatu

Tunduma kuna watu wanaoinuka kukusalimia na watu wasioinuka, na mzee Sufiani alikuwa wa kundi la pili. Alibadilisha fedha karibu na geti la mpaka, kwacha kwa shilingi na shilingi kwa kwacha, na kwa miaka ishirini hakuna aliyewahi kumwona akinyanyuka kitini saa za kazi. Akipita shehe, anampa mkono amekaa. Akipita mkuu wa kituo, anampa mkono amekaa. Siku moja ng'ombe aliyechomoka kwenye lori alikuja mbio mpaka mezani kwake, watu wakatawanyika, wengine wakaingia Zambia bila hata kitambulisho. Mzee Sufiani akainua miguu tu, ng'ombe akapita.

Wageni walidhani ana maradhi ya magoti. Wenyeji walijua kwamba benki yake iko ndani ya mto alioukalia. "Kitu cha maana unakikalia," aliwaambia wanawe kila siku ya Mungu, "halafu hata wakija na bunduki, itabidi kwanza wakuombe unyanyuke."

Bushra, binti yake wa tatu, alirithi kwake mambo mawili. La kwanza ni ulimi. La pili tutalifikia, lina zamu yake.

Mwaka huo wa 2013 Bushra alikuwa na miaka ishirini na mbili, kidato cha nne amemaliza na cheti anacho, anasimamia duka la intaneti la Salum nyuma ya stendi. Duka lilikuwa na kompyuta tatu. Namba moja ilikufa wakati wa mvua na ilibaki pale kama mgeni asiye na nauli ya kurudi kwao. Namba mbili ilikuwa ya kuchapa barua tu, intaneti iliisikia kwa jirani. Namba tatu ndiyo iliyoliweka duka mjini: kioo kikubwa, kibodi ambayo herufi zake zote bado zinasomeka, na mausi isiyo na waya ambayo Salum aliinunua kwa mbwembwe akaionyesha mtaa mzima.

Wateja wakiwa wachache Bushra alifuma. Alianza na kitambaa cha kufunika kioo, akaja kitambaa cha kufunika printa, akaendelea na chupa ya chai, mwisho akavifumia mito viti vyote vitatu, ya njano na kijani, yenye vifungo kwa chini. Ukiingia humo Julai, baridi ya Tunduma ikiwa inakung'ata masikio, unajisikia umeingia sebuleni kwa bibi harusi.

Sasa, Jumamosi moja asubuhi mausi ya namba tatu haikuonekana.

"Wameiba," alisema Bushra.

"Wezi gani hao," aliuliza Salum, "wachukue mausi, waache kompyuta?"

"Labda kompyuta wanayo nyumbani, bosi. Walipungukiwa mausi."

Salum alishindwa kucheka na akashindwa kukasirika, akavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Alirudi na mausi nyingine isiyo na waya. Kile kidude chake cha kupokea mawimbi, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, alikichomeka mbele ya kompyuta, maana nyuma kulikuwa na ukuta, vumbi na buibui ambaye hakuna aliyetaka kumsumbua.

Kuanzia mchana huo, wateja wa namba tatu wakaanza kulalamika. Dereva mmoja wa malori alisema kila akifungua orodha ya barua pepe inajifunga usoni pake. Kijana mmoja wa stendi alijikuta amesifia picha ya shemeji yake ya miaka miwili iliyopita, tena mara tatu, na alitoka dukani akiwa ameshika kichwa. Bushra aliwajibu wote jibu moja.

"Kompyuta haina shida. Mkono wako ndio mzito."

Akaendelea kufuma.

Jumanne, saa saba na nusu mchana, aliingia mama mmoja mwenye sweta la bluu na begi dogo lililofungwa kwa kamba. Vumbi lilikuwa limemfika mpaka kwenye kope.

"Hodi wenyewe."

"Karibu mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Naitwa Ketrina, natoka Ikinga, kule Ileje. Nimepanda bodaboda kabla jua halijatoka mpaka Itumba, ndiyo nikapata gari. Wameniambia hapa mnajaza fomu za chuo."

"Tunajaza mpaka zinafurika. Ni za mtoto?"

"Za kwangu."

Bushra aliweka sindano ya kufumia chini.

Ketrina alikuwa mhudumu wa afya katika zahanati ya kwao kwa miaka kumi na minne. Watoto aliowapokea kwa mikono yake walikuwa wengi kiasi kwamba akipita njiani wanafunzi walikuwa wanamwamkia kwa mkupuo. Lakini cheti cha ukunga hakuwa nacho, na kila akija nesi mpya kutoka chuoni, Ketrina alikuwa anarudi kuchemsha vyombo. Sasa chuo kimoja cha uuguzi kilikuwa kinapokea maombi kwa mtandao, na mwisho wake ulikuwa siku hiyo hiyo, saa kumi kamili.

"Na ruhusa ya kazini?" aliuliza Bushra.

"Wilaya wamenipa mwaka huu. Mwakani zamu ni ya zahanati nyingine. Ikinipita hii, mwanangu, mpaka zamu irudi Ikinga mimi nitakuwa na wajukuu."

"Haikupiti," alisema Bushra. "Kaa hapo namba tatu, kiti cha wageni rasmi."

Ketrina aliketi. Akajisogeza kidogo kulia. Akajisogeza kidogo kushoto. Akatabasamu kwa adabu, akashika mausi kama anavyoshika mkono wa mgonjwa.

Fomu ikafunguka. Pale palipoandikwa *Chagua mkoa*, akabonyeza, orodha ya mikoa ikashuka. Akainama kuitafuta Mbeya. Orodha ikapanda juu, ikajifunga. Akabonyeza tena, ikashuka, akainama, ikajifunga. Mara ya tatu ilikaa kidogo kama inayomhurumia, kisha ikachagua Mtwara.

"Mwanangu, inanipeleka Mtwara."

"Unakwenda kuchuma korosho, mama?" Bushra alikuja akicheka. "Hebu nikuonyeshe."

Ketrina, mtu wa heshima zake, aliinuka kumpisha. Bushra akainama bila kukaa, akabonyeza. Orodha ikashuka ikatulia. Mkoa, Mbeya. Wilaya, Ileje. Kazi ya sekunde kumi.

"Umeona? Inataka mkono mwepesi tu."

"Ndaga, mwanangu," Ketrina alimshukuru kwa lugha ya kwao, akaketi. Akajisogeza kulia, akajisogeza kushoto, akabonyeza palipoandikwa *Jinsia*. Orodha ikashuka, ikaruka, ikafunga. Bushra akachungulia.

"Mama, umeshakuwa baba."

"Yesu wangu!"

"Tena umezaliwa mwaka elfu moja mia tisa thelathini na moja. Shikamoo mzee."

Ketrina alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, lakini alipobonyeza kurekebisha, orodha ilimfungia tena, na cheko likapungua. Bushra akasema ampishe amjazie yeye. Ketrina akainuka. Safari hii Bushra, aliyekuwa amechoka kuinama, alikaa kabisa kitini, akakunja mikono ya baibui kama mtu anayetaka kusonga ugali wa harusi, akabonyeza.

Orodha ikajifunga.

Akabonyeza tena. Ikashuka, mshale ukaruka mpaka pembeni, ikajifunga. Akajaribu menyu za juu kabisa, zile za ukurasa wenyewe wa intaneti. Nazo zikashuka na kupanda kama kope za mtu aliyeingiwa na vumbi.

Mkono wa Bushra haukuwahi kuwa mzito tangu azaliwe. Akatoa kichwa mlangoni.

"Danford! Njoo huku, acha kuunguza simu za watu!"

Danford alikuwa fundi simu wa kibanda cha jirani, kijana mrefu wa Mbozi aliyechomeka bisibisi sikioni kama wengine wanavyochomeka kalamu. Alimpenda Bushra kwa namna ambayo mtaa wote uliijua, ingawa yeye mwenyewe alidhani ni siri. Alifika kabla jina lake halijamalizika kuitwa.

"Shikamoo mama. Mgonjwa nani?"

"Mausi," alisema Bushra. "Inafunga menyu. Ukifungua inafunga."

"Umeifanya nini?"

"Nimeifumia soksi. Kaa ufanye kazi."

Danford alikaa. Akatazama kioo kwa jicho moja kama daktari wa kwenye kalenda. Menyu zikashuka, zikajifunga.

"Kirusi," alisema.

"Ulisema kirusi hata pasi ya mama yangu ilipoungua."

Alibadilisha betri za mausi kwa kutumia za saa ya ukutani kwake. Menyu zikajifunga. Alihamisha kile kidude cha mawimbi kwenye tundu la pembeni. Zikajifunga. Akachomoa mausi yenye waya kutoka namba mbili, akaichomeka, akaizima kabisa ile isiyo na waya na kuiweka juu ya printa mbali na kila kitu. "Kama tatizo ni mausi, limekwisha," alitangaza. Menyu zikajifunga. Mwisho akazima kompyuta na kuiwasha upya, shughuli iliyochukua muda ambao mtu angeweza kuchemsha maharage. Ilipowaka, fomu ilikuwa tupu kama ilivyozaliwa. Mbeya haimo, Ileje haimo.

"Msihangaike wanangu," alisema Ketrina kwa upole, akitazama ukutani. "Tuna karibu saa mbili nzima."

Bushra alitazama alikotazama. Ukutani kulikuwa na saa mbili, pacha. Salum aliziweka kwa ajili ya madereva wanaotaka kujua ofisi za ng'ambo zimefunguliwa au bado. Moja iliandikwa Tunduma kwa karatasi, nyingine Nakonde, na karatasi ya Nakonde ilikuwa imedondoka tangu mwezi wa Ramadhani haujaandama.

"Mama," alisema Bushra, "hiyo ni saa ya Zambia. Kwetu ni saa tisa na dakika kumi."

Ketrina alifungua begi lake, akatoa barua ya ruhusa iliyokunjwa mara nne, akaitazama, akaikunja tena kwenye mikunjo ile ile. Alikuwa mtu aliyezoea kukaa na watu kwenye saa mbaya, na labda kwa sababu hiyo hakulia. Alisema tu, "Basi. Nilijaribu."

Bushra akaona aibu ya vichekesho vyake vyote vya mchana huo. Mtwara, shikamoo mzee, na lile jibu lake la mkono mzito. Watu walikuwa wamemwambia tangu Jumamosi.

"Hatujamaliza," alisema. "Danford, toka kitini. Toka, nakwambia."

Danford akanyanyuka. Bushra akainama juu ya meza, kiti kikiwa tupu nyuma yake, akabonyeza. Mkoa, Mbeya. Orodha ikatulia. Wilaya, Ileje. Jinsia, mwanamke. Mwaka wa kuzaliwa, bila shida. Vitu vilikwenda kama mafuta.

"Imepona!" Danford alipiga makofi. "Kile kirusi nimekiua kwa kuizima."

"Mama, njoo uweke namba yako ya mtihani, unaijua wewe."

Ketrina akaja haraka, akaketi, akajisogeza. Mshale ukaruka. Orodha ya mwaka wa mtihani ikashuka, ikajifunga, ikachagua mwaka ambao yeye alikuwa hajaanza hata chekechea.

Danford alimvuta Bushra pembeni, akanong'ona. "Huyu mama ana sumaku mwilini. Wapo watu hivyo, saa za mkononi zinawasimamia."

"Na wewe ulipokaa ulikuwa na sumaku ya nini?"

"Mimi?"

"Na mimi nilipokaa?"

Wakatazamana. Bushra alirudi taratibu hadi mezani, macho kwenye kioo.

"Mama Ketrina, samahani. Simama."

Ketrina akasimama. Mshale ukatulia.

"Kaa."

Mshale ukaruka.

"Simama. Kaa. Simama."

"Mwanangu, hii ni fomu ya uuguzi au ya jeshi?"

Lakini Bushra hakuwa anacheka. Aliuona mto wa njano na kijani, alioufuma kwa wiki mbili. Ijumaa. Aliona Ijumaa yote. Adhana ilikuwa imeshaadhiniwa, Salum ametangulia msikitini na ufunguo wa kabati, yeye anafunga duka peke yake na mausi iko mkononi, mausi mpya ya bei, ya kuonyeshwa mtaa mzima. Mikono ya binti wa mzee Sufiani haikumuuliza akili yake ruhusa. Ilifungua vifungo vya mto, ikaitumbukiza, ikafunga. Kisha akaenda kuswali, akarudi nyumbani kula pilau, na Jumamosi akaamka hakumbuki chochote.

"Mama," alisema polepole, "hapo ulipokaa kulikuwa na kitu chochote... kinachosumbua?"

Ketrina aliinamisha uso kama aliyeshikwa anadokoa nyama jikoni.

"Kulikuwa na kitu kigumu, mwanangu. Tangu nilipokaa. Kinachoma huku, nikihama kinanifuata kule."

"Mbona hukusema?"

"Nitasemaje? Mtu amekukaribisha kiti kizuri, amekifuma kwa mkono wake, umwambie kinakuchoma? Kwetu hata ukikalia kaa la moto unashukuru kwanza, halafu ndiyo unauliza kama kuna benchi."

Danford alikuwa ameshapiga goti. Alipindua mto, na pale kwenye vitundu vya ufumaji, taa nyekundu ilikuwa inapepesa kama jicho la mnyama shimoni. Bushra akafungua vifungo, akaingiza mkono, akaitoa mausi ya Salum, ikiwa ya moto na yenye nyuzi za njano.

"Mwizi kapatikana," alisema Danford. "Kumbe ni kweli ulivyomwambia Salum, kompyuta alikuwa nayo nyumbani."

"Nyamaza."

"Nimenyamaza. Mikono mizito ya wateja, eh?"

"Danford!"

Alikuwa ameshajipenyeza nyuma ya kompyuta, kati ya ukuta na vumbi, akamwomba radhi buibui, akatoka na kidude cha pili kama ukucha, cha ile mausi ya kwanza. Kilikuwa kimechomekwa huko siku zote, kinasikiliza. Kila mtu aliyekaa alikuwa anabonyeza mausi mbili: moja kwa mkono, na nyingine kwa mahali pasipotajwa mbele ya mama wa watu. Ukiinama kusoma orodha, uzito unahama, mausi ya chini inabonyea, orodha inajifunga.

"Kwa hiyo yule kijana wa stendi," alisema Bushra, "ile picha ya shemeji yake..."

"Aliisifia kwa makalio," alisema Danford, na mama Ketrina akaangua kicheko ambacho kilisikika mpaka kwa muuza chipsi.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini na tano, saa za Tunduma. Ketrina aliketi juu ya mbao tupu, mto ukiwa umetupwa pembeni kama mtuhumiwa. Mwaka wa mtihani ukakubali. Shule ikakubali. Alipofika palipoandikwa *Chagua kozi*, orodha ilikuwa ndefu. Ketrina aliishuka pole pole, safu kwa safu, hakukosea, akafika kwenye uuguzi na ukunga, akabonyeza. Ikakaa.

Saa kumi kasoro dakika kumi na moja akatuma. Ukurasa ukafikiri. Ukaendelea kufikiri. Kisha ikatokea namba ndefu ya maombi yake, kwa herufi za kijani.

Walihitaji kuichapa. Bushra akafungua menyu ya juu, ile ile iliyowatesa, na ikashuka ikatulia, ikawasubiri wote watatu waisome. Printa ikavuliwa kitambaa chake, ikanguruma, ikatema karatasi. Ketrina aliikunja mara nne, akaiweka pamoja na barua ya ruhusa, akafunga begi kwa kamba, akafungua tena kuhakikisha imo, akafunga.

Hapo simu ya Bushra ikaita. Salum.

"Bosi," alisema Bushra, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane pale mtaani, ulimi ukamkwama. "Ile mausi... ile ya Ijumaa... imeonekana."

Hata Danford alisikia sauti ya Salum ikiuliza wapi, na nani, na kwa vipi. Bushra alitazama mto, akatazama dari, akatazama saa ya Nakonde, ambako kwa saa yao mambo hayo yalikuwa bado hayajatokea. Ketrina akanyoosha mkono taratibu, akamchukulia simu.

"Haloo baba. Mimi ni mama Ketrina, mhudumu wa afya kutoka Ikinga... Hapana, usimgombeze binti. Ilikuwa imekaa vibaya tu, ndani ya mto wa kiti, ndiyo maana uchungu ulikuwa mrefu. Lakini imetoka salama, nimeipokea mimi mwenyewe, na mama yake anaendelea vizuri."

Salum akauliza swali moja.

"Anauliza," Ketrina alimgeukia Bushra, akiziba simu kwa kiganja, "kama tabia hiyo umeirithi kwa mzee Sufiani."

"Mwambie ndiyo," alisema Bushra, akaanza kufumua mto.